KANISA LA MBWENI NA MAKABURI YAKE: Historia ya Walioachwa Huru na Funzo Lake kwa Kada

Kuna swali moja linalojitokeza karibu kila mwaka katika madarasa yetu ya itikadi, tunapofika kwenye somo la ukoloni na vyombo vyake. Mwanafunzi husimama akasema: Ndugu Mkufunzi, tunafundishwa kwamba misheni zilitangulia kuwalainisha wananchi ili bendera ya mkoloni ifuate. Lakini wapo wazee wetu waliotolewa ndani ya majahazi ya watumwa, wakapelekwa misheni, wakapata nyumba, shule na matibabu. Watu hao na wajukuu wao waseme nini? Kwamba aliyewatoa minyororoni alikuwa adui yao?

Swali hili si la kupuuzwa, wala halijibiwi kwa kaulimbiu. Mkufunzi anayelijibu kwa kaulimbiu anamfundisha mwanafunzi kukariri, na kada anayekariri hushindwa siku ya kwanza atakapokutana na mzee anayeijua historia ya nyumbani kwake. Makala hii inajaribu kulijibu kwa kuchukua mahali pamoja, kuliko kuzungumzia misheni zote kwa jumla. Mahali penyewe ni Mbweni, kilometa chache kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, penye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yohana na makaburi yanayolizunguka. Tukilisoma kanisa hilo na makaburi hayo kwa macho ya uyakinifu wa kihistoria, yaani kwa kuuliza nani alifanya kazi, nani alimiliki ardhi na nani aliandika kumbukumbu, tutaona kwamba mkinzano anaouona mwanafunzi ni wa kweli. Umo ndani ya historia yenyewe.

I. UTUMWA NA UKOMBOZI: MSINGI WA KIUCHUMI

Biashara ya watumwa ya karne ya 19 katika mwambao wetu haikuwa tabia ya kabila fulani wala amri ya dini fulani. Ilikuwa biashara. Ilikuwa na wenye mtaji, wenye mashamba, wasafirishaji na wanunuzi. Makabaila wa Kiomani waliomfuata Sayyid Said Unguja walihitaji nguvukazi ya kupalilia na kuchuma karafuu. Matajiri wa Kihindi walikopesha fedha za misafara. Baadhi ya watemi na machifu wa bara, pamoja na viongozi wa misafara wa Kiafrika, waliuza mateka wa vita. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walinunua pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi na watumwa, wakaleta nguo na bunduki. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kitambaa chake cha pamba kikaenea bara kiasi cha kubaki na jina la nchi yake. Kila mmoja wa hawa alipata fungu lake. Kada anayeieleza biashara hii kama ugomvi wa rangi mbili anawaficha wanyonyaji wengine wote nyuma ya mmoja.

Uingereza nayo iliingiaje katika habari hii kama mkombozi? Mabepari wa Kiingereza walikuwa wametajirika kwa biashara ya watumwa katika Bahari ya Atlantiki mpaka walipoipiga marufuku mwaka 1807. Kufikia wakati huo viwanda vilikuwa vimeanza kubadili mahitaji yao. Mwenye kiwanda hakutaka tena mtu wa kununuliwa. Alitaka malighafi, soko la nguo, na mfanyakazi anayejilisha mwenyewe kwa ujira. Katika Bahari ya Hindi mabadiliko hayo yalikuja kwa mfululizo wa mikataba iliyotiwa saini mbele ya mizinga ya manowari: mwaka 1822, mwaka 1845, na hatimaye tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash alipolazimishwa na konseli John Kirk kufunga masoko ya watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Mkataba wa mwaka 1873 ulizuia biashara ya baharini. Haukuufuta utumwa. Mtumwa aliyekuwa tayari shambani Unguja au Pemba aliendelea kuwa mali ya bwana wake kwa miaka 24 mingine, na miaka saba ya mwisho ya kipindi hicho ilikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza mwenyewe uliotangazwa mwaka 1890. Utumwa uliondolewa katika sheria za Zanzibar mwaka 1897, na fidia wakalipwa mabwana. Waliofanyishwa kazi maisha yao yote hawakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Tanganyika nayo ilingoja mpaka mwaka 1922.

Hata ukamataji wa majahazi ulikuwa na hesabu zake. Mabaharia wa manowari walipata tuzo ya fedha kwa watumwa waliowakamata na kwa tani za chombo kilichoharibiwa. Mateka wakifika bandarini, shauri lao liliamuliwa katika baraza la konseli wa Kiingereza. Huko hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Waligawiwa. Wengine walipelekwa Shelisheli, Morisi au Bombay, wengine wakaajiriwa mjini, na wengine, hasa watoto, wakakabidhiwa misheni. Hivyo ndivyo watu wa Mbweni walivyofika Mbweni.

II. MISHENI KAMA MWENYE SHAMBA

Misheni iliyowapokea ni ile ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857, aliposihi ifunguliwe njia ya biashara na ya Ukristo barani Afrika. Tuangalie kwamba mambo hayo mawili aliyataja pamoja. Kundi la kwanza lilikwenda Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, na askofu wake, Mackenzie, akafa kwa homa mwezi Januari 1862. Askofu aliyemfuata, Tozer, aliihamishia misheni Unguja mwaka 1864 pamoja na Edward Steere. Unguja palikuwa na konseli, manowari, wafanyabiashara wa kila taifa na soko kubwa la watumwa. Sultani Majid aliwakabidhi watoto watano wa kiume waliotolewa kwenye jahazi, na hao wakawa wanafunzi wa kwanza.

Mwaka 1871 Tozer alinunua shamba la Mbweni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 watu wazima walioachwa huru walikaa hapo, wakajenga vibanda na kulima. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ilijengwa katika shamba hilohilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 likasimama kanisa. Kirk naye alikuwa na nyumba na bustani yake ya miche na mimea ya kigeni papo hapo Mbweni. Kwa hiyo konseli, misheni na waliokombolewa walikuwa majirani. Ila majirani wawili walimiliki ardhi, na wa tatu alikaa juu yake kwa ruhusa.

Hili ndilo jambo la msingi. Mahuru wa Mbweni walipewa mahali pa kujenga na kiwanja cha kulima, wakafanya kazi ya misheni kwa ujira. Hawakupewa ardhi iwe yao. Aliyevunja kanuni za mahali angeweza kuambiwa aondoke, na aliyeondoka hakuwa na kwao pa kurudi, maana alichukuliwa akiwa mtoto na njia ya kwao haijui. Tusiseme kwamba hali hiyo ilikuwa sawa na utumwa. Haikuwa sawa. Mama wa Mbweni hakuweza kuuzwa, wala mwanawe hakuweza kuuzwa, na mtu aliyeonja minyororo anaijua tofauti hiyo kuliko sisi tunaoisoma vitabuni. Lakini mahusiano ya uzalishaji yalikuwa yale ya mwenye shamba na asiye na shamba.

Kanisa lenyewe ni ushahidi wa kazi. Majengo ya mwambao wetu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hukatwa ardhini au ufukoni. Chokaa hupatikana kwa kupanga magogo duara, kurundika mawe juu yake, kuyachoma mpaka yawe meupe na mepesi, kuyamwagia maji, kisha kuyaacha yapoe na kuiva. Ni kazi ya moto, vumbi na vichwa vya kubebea, na katika desturi ya ujenzi wa mwambao wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo. Ndani ya kanisa la Mbweni kimehifadhiwa kiti cha mbao kilichotengenezwa na mahuru kwa ajili ya Askofu Tozer. Kiti hicho hutajwa kwa jina la aliyekikalia. Waliokichonga hutajwa kwa wingi tu: mahuru.

Shule nayo ilikuwa na sura mbili. Tangu mwaka 1877 mpaka 1902 iliongozwa na Caroline Thackeray, mwanamke wa Kiingereza ambaye hakurudi kwao tena. Alibaki Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926. Chini yake mamia ya wasichana walijifunza kusoma na kuandika, na wengine wakawa walimu, katika zama ambazo mwanamke aliyetoka utumwani hakutazamiwa hata kumiliki nguo aliyovaa. Hilo ni jambo kubwa, na mwanahistoria mkweli atalisema bila kusitasita. Lakini wasichana walitengwa mafungu mawili. Walioonekana wepesi wa vitabu walitayarishwa kuwa walimu na wake wa walimu waliosomea Kiungani. Walioonekana wazito walipelekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kupika, kushona na kulima. Ndani ya ua mmoja, kati ya watoto waliofika wakiwa sawa kwa umaskini, mbegu ya matabaka ilipandwa upya. Elimu ya kubagua namna hiyo ndiyo sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliyokusudia kuing'oa.

III. JIWE NA JINA

Tuje kwenye makaburi. Kanisa la Mbweni lilijengwa kwa mpango wa kanisa la kijiji cha Uingereza: lina mnara, na wafu wamelizunguka. Aliyelijenga alitaka walio hai wapite katikati ya waliotangulia kila wanapokwenda kusali. Caroline Thackeray amezikwa hapo. Edward Steere, aliyekufa mwaka 1882, alizikwa nyuma ya altare ya kanisa kubwa la Mkunazini, lililojengwa kuanzia mwaka 1873 palipokuwa na soko la watumwa.

Makaburi huonekana kama mahali ambapo watu wote ni sawa. Mhubiri husema kwamba mauti hayachagui. Ni kweli kwamba mauti hayachagui, lakini jiwe la kaburi huchagua. Jiwe ni mali: lazima likatwe, lichongwe, lisafirishwe na kulipiwa. Aliyekuwa na mali, au taasisi yenye mali nyuma yake, aliachiwa jina, tarehe na sifa. Maskini wa mwambao alizikwa chini ya tuta la udongo lenye msalaba wa mti, na mchwa hauchukui miaka mingi kumaliza mti. Baada ya kizazi kimoja tuta limelala, nyasi zimeota, na mtu ambaye mikono yake ilichoma chokaa ya ukuta ule amebaki bila hata herufi moja. Kwa hiyo anayeandika historia kwa kunakili mawe ya makaburi ataandika historia ya waliomiliki mawe.

Lipo suala la majina pia, nalo ni zito zaidi. Hebu tuyatazame majina ya vijana wa mwanzo wa misheni hiyo: John Swedi, Francis Mabruki, George Farajala, Cecil Majaliwa. Kila mmoja ana majina mawili. La kwanza alipewa na Mzungu siku ya ubatizo. La pili lina sauti ya Pwani. Mabruki na Farajala yalikuwa majina ya kawaida ya watumwa, yenye kuomba baraka na faraja kwa ajili ya nyumba ya bwana. Lakini mtoto aliyetekwa huko bara, awe Myao, Mnyasa au Mmakua, alikuwa na jina la tatu, lililokuwa la kwanza kuliko yote. Hilo alipewa na mama yake. Halikuandikwa katika hati ya konseli, halikuandikwa katika daftari la ubatizo, wala halikuchongwa penye jiwe. Mtu alipokonywa jina na mfanyabiashara aliyemwuza, na mkombozi wake hakulirudisha, kwa sababu hakuuliza.

Mtu asidhani kwamba habari hii ya jiwe na jina ni ya Mbweni peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ya mabeberu, ya mwaka 1914 mpaka 1918, iliionyesha waziwazi katika nchi zetu zote. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, na mabaharia wake waliokufa wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani. Vitani bara, maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu wakibeba risasi na unga wa majeshi. Hao hawakuchongewa mawe. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja kwa jumla tu. Mwezi Aprili 2021, zaidi ya miaka mia moja baadaye, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa dola ya Kiingereza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo yaweza kufika 350,000. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa wa dola lililoona kwamba jina la Mwafrika halina thamani ya kuchongwa.

Katika vita hiyohiyo twamwona Askofu Frank Weston wa Zanzibar, mmoja wa waliorithi kiti cha Steere. Mwaka 1916 alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja na kukiongoza mwenyewe bara, kwa faida ya jeshi la Kiingereza. Mwaka 1920 mtu huyohuyo aliandika kijitabu cha kuishutumu serikali ya Kiingereza kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za shuruti katika Kenya, akawaita watwana wa Uingereza. Alikuwa mnafiki? Jibu jepesi halitatusaidia. Mtu aliyekaa kati ya dola la kibeberu na wanyonge aliowahubiria huvutwa na pande mbili, na historia yake huonyesha mvutano huo. Kazi ya uchambuzi wa kitabaka ni kuueleza mvutano, na si kuuficha.

IV. WALIOACHWA HURU WALIIJENGA HISTORIA

Mpaka hapa tumewaona mahuru kama watu waliotendewa: waliotekwa, wakakamatwa, wakagawiwa, wakabatizwa. Tukiishia hapo tutakuwa tumeandika historia ya misheni kwa maneno ya kuilaani, lakini itabaki ni historia ya misheni. Ukweli ni kwamba watu hawa walitenda.

Mwaka 1876 Steere aliliongoza kundi la mahuru, wake kwa waume, kutoka Unguja kwenda kusini. Walikusudia kufika nchi ya Wayao, wakaishia kujenga kijiji Masasi. Walioijenga Masasi ya misheni, wakafyeka, wakalima na kufundisha, walikuwa wao. Kijiji kiliposhambuliwa na kuchomwa mwaka 1882, waliouawa na kutekwa walikuwa wao pia. Hebu tufikiri maana yake: mtu aliyeuzwa Pwani akiwa mtoto anarudi bara kwa hiari yake akiwa mtu mzima, ana kitabu na jembe, kisha anatekwa mara ya pili.

Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alisoma Kiungani na baadaye Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, kusini ya nchi, pamoja na mkewe Lucy, aliyelelewa Mbweni. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kwa zaidi ya miaka kumi waliendesha kituo, shule na makanisa ya vijijini, na kazi hiyo ilikwenda vizuri bila Mzungu wa kuwasimamia kila siku. Hata hivyo madaraka ya juu yaliendelea kushikwa na wageni. Tangu upadri wa Majaliwa mwaka 1890 mpaka John Sepeku alipokuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana la Tanzania mwaka 1970 ilipita miaka 80. Uwezo ulikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kukabidhi.

Lugha yetu nayo inawadai shukrani watu hawa. Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na sifa zake twazijua. Lakini lugha haikai ofisini kwa mchapishaji. Walioongea naye, waliomsahihisha, waliopanga herufi za chuma katika mtambo wa kupigia chapa, na waliokwenda Magila, Newala na Masasi kufundisha kwa lugha hiyo, walikuwa vijana wa Kiungani na wasichana wa Mbweni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa kwa miaka 60. Lugha ambayo TANU ilihutubia umma, ambayo Chama cha Mapinduzi kinaendeshea vikao vyake, ilipita mikononi mwa watu waliokuwa bidhaa.

Mbweni ndipo alipozaliwa pia, mwaka 1891, Martin Kayamba. Yeye hakuwa mtoto wa watumwa. Ukoo wake ulikuwa wa watawala wa Ubondei. Lakini alikulia katika mazingira ya misheni, akasoma Kiungani, na miongoni mwa majina yake lilikuwamo Thackeray, jina la bibi mkuu wa shule. Mwaka 1922 huko Tanga alianzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, kilichowakusanya Wakristo na Waislamu bila kujali kabila. Chama hicho kilikitangulia African Association cha mwaka 1929, kilichokuja kuwa TAA, na TAA ndiyo iliyogeuka TANU tarehe 7 Julai, 1954. Kayamba alikuwa mtumishi mtiifu wa serikali ya kikoloni, akapewa na nishani. Hakuwa mwanamapinduzi. Lakini wazo kwamba Mwafrika msomi wa kabila lolote na dini yoyote ana maslahi mamoja na mwenzake lilipita kwake, kabla ya kufika kwa walioligeuza kuwa nguvu ya umma.

V. MIELEKEO MIWILI YENYE MAKOSA

Tukizingatia yote hayo, tunaweza sasa kuitambua mielekeo miwili isiyo sahihi.

Mwelekeo wa kwanza ni wa kupiga magoti. Huu husema kwamba Livingstone, Kirk na Steere ndio waliowapa watu wetu uhuru, na anayehoji anaambiwa shukrani ya punda ni mateke. Ni kasumba ileile katika vazi jipya, na siku hizi huuzwa kwa watalii. Haisemi kwamba utumwa ulibaki halali miaka 24 baada ya mkataba. Haisemi kwamba fidia walipewa mabwana. Haisemi kwamba manowari za dola hilohilo ziliupiga mji wa Unguja kwa mizinga tarehe 27 Agosti, 1896, zikaua na kujeruhi watu wapatao mia tano kwa muda usiofika saa moja.

Mwelekeo wa pili ni wa kudharau. Huu huwaita watu wa misheni vibaraka wote kwa jumla, na huyaona makaburi yao kuwa mawe ya wageni yasiyotuhusu. Husikika una ukali wa kimapinduzi, lakini matokeo yake ni kuwanyang'anya wanyonge mara ya pili. Mtumwa aliyepokea mkate wa misheni hakuwa na meza nyingine ya kulia. Ukimhukumu kwa mkono uliomlisha, umemwacha huru aliyemfunga mikono. Mwelekeo huu una ubaya mwingine: huzidisha aibu. Zipo familia zinazoficha kwamba bibi yao alikuwa mtumwa. Aibu hiyo ni silaha ya makabaila iliyobaki baada ya makabaila wenyewe kuondoka, maana aibu si ya aliyeuzwa, ni ya aliyeuza.

Msimamo sahihi unatambua mambo mawili kwa pamoja. Kutoka utumwani kwenda misheni ilikuwa hatua mbele katika maisha ya watu halisi. Hatua hiyo haikufika kwenye uhuru, kwa sababu ardhi, madaraka na kumbukumbu vilibaki mikononi mwa mwingine. Kwa upande wa Zanzibar, suala la ardhi lilijibiwa tarehe 8 Machi, 1964, Serikali ya Mapinduzi ilipoifanya ardhi yote kuwa mali ya umma, na baadaye kuwagawia wakulima eka tatu tatu. Hapo ndipo mjukuu wa mtumwa alipopata kitu ambacho mkataba wa 1873, sheria ya 1897 na misheni havikumpa: haki ya kudumu juu ya udongo anaoulima. Mwalimu Nyerere, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, aliliambia Kanisa jambo hilohilo kwa lugha ya imani: kwamba kuwahudumia maskini hakutoshi kama hushiriki kuibomoa mifumo inayowafanya wawe maskini.

VI. KAZI YA KADA

Funzo la Mbweni halielekezwi kwa misheni tu. Linatuhusu sisi. Mahusiano ya mfadhili na mfadhiliwa yaweza kuzaliwa tena hata ndani ya taasisi iliyoundwa kuyavunja. Kada anayefika kijijini na kuwahesabu wananchi kuwa wapokea misaada, anayejua idadi yao bila kujua majina yao, anayewagawia mradi bila kuwauliza wanataka nini, anakalia kiti kile walichochonga mahuru. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno na ukandamizaji kwa sababu hiyo. Kumkomboa mtu bila kumpa madaraka ni kumhamisha kutoka kwa bwana mmoja hadi kwa mwingine aliye mpole zaidi.

Kwa hiyo napendekeza kazi tatu kwa makada na wanafunzi walio karibu na kanisa lolote la zamani la misheni, liwe la Mbweni, Magila, Masasi au Bagamoyo.

Kwanza, waende makaburini na daftari, kwa ruhusa na heshima, waandike majina yaliyopo. Kisha wakae na wazee wa mahali waulize nani amelala pasipo na jiwe. Kumbukumbu za mdomo zinakufa pamoja na wenyewe, na kila msimu wa mvua unalaza matuta mengine.

Pili, waulize habari za kazi: chokaa ilichomwa wapi, mawe yalikatwa wapi, nani alilipwa na nani hakulipwa. Jengo lolote huweza kusomwa kwa njia hiyo, na mwanafunzi atajifunza nadharia ya thamani ya kazi vizuri zaidi mbele ya ukuta kuliko mbele ya ubao.

Tatu, waulize jina la tatu. Katika baadhi ya familia lipo bado, limefichwa ndani ya mkufu wa ukoo, katika jina la mtoto wa kike lisiloeleweka Pwani, au katika wimbo wa kubembeleza usio wa Kiswahili. Likipatikana liandikwe kabla ya lile la ubatizo, maana ndilo lililotangulia.

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Aliyemtoa babu yako jahazini alimtendea jema, nawe huna sababu ya kulikana. Lakini jema hilo lilitendwa ndani ya mfumo ambao ulimhitaji babu yako awe huru kiasi cha kufanya kazi, na asiwe huru kiasi cha kumiliki. Nusu iliyobaki ilidaiwa na watoto wake wenyewe, waliofundisha, walioandika, waliojiunga na vyama na walioasi. Ukienda Mbweni usiwatafute waliokombolewa katika maandishi ya mawe peke yake. Utazame pia ukuta wa kanisa, kwa sababu huo waliujenga wao.